Nilitengeneza sound card ya kompyuta ya zamani, mngurumo wake ukanirudisha kwenye kosa langu

Wakuu, heshima kwenu wote, wakubwa shikamooni.

Nipo Tabora mjini, Isevya, fundi wa redio na kompyuta. Haya ninayoandika yamenitokea mwenyewe na hakuna chai humu. Nilichobadilisha ni majina tu, kwa sababu wahusika nasali nao na bado nataka kualikwa pilau.

Uzi ni mrefu kidogo. Mwenye haraka ashuke mwisho kwenye somo, ila asije kuniuliza maswali ambayo nimeyajibu katikati.

Basi, mwaka huu mavuno ya tumbaku yalipoisha, alikuja kwangu mama mmoja kutoka Goweko. Tumwite Mama Neema. Ni mke wa Mwalimu Zakaria, aliyenifundisha hesabu sekondari, ambaye sasa amestaafu na analima huko Goweko.

Alishuka kwenye treni na mzigo uliofungwa kwa kitenge. Kaubeba mwenyewe mpaka kibandani kwangu, na bodaboda kaikataa isije ikaurusha kwenye mashimo.

Nikamwamkia, akaitikia, akafungua kitenge. Kompyuta. Na siyo hizi zenu. Ni lile sanduku la kulala, rangi yake ilikuwa nyeupe zamani, lina mdomo wa kumeza floppy. 486 wakuu. Mara ya mwisho kushika mashine hiyo nilikuwa bado na nywele.

Akanieleza kwamba radi ilipiga nguzo karibu na kwao, na tangu siku hiyo mashine inawaka lakini imekuwa bubu. Anataka iseme.

Nikamuuliza iseme nini.

"Wimbo wa baba Neema umo humo," akasema. "Nataka uimbe kabla ya harusi ya Neema. Nimechoka kukaa katikati ya mume na kaka."

Hapo inabidi niwarudishe nyuma kidogo, maana bila hii hamtaelewa kwa nini niliikomalia kadi ya sauti ya mashine ambayo wengine mngeiuza chuma chakavu.

Miaka ya tisini mwishoni, shule aliyokuwa anafundisha Mwalimu ililetewa hiyo kompyuta na wafadhili. Walimu wengine waliiogopa. Yeye akaizoea, akakuta ndani yake programu ya muziki: unaandika nota, chipu inazipiga. Wakati huo alikuwa ndiye mwalimu wa kwaya kanisani kwetu Chemchem.

Akatunga wimbo wa sauti nne. Unahusu safari. Babu yake Mwalimu alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu kutoka hapa Unyanyembe mpaka pwani kwa miguu, na kurudi. Kwa hiyo Mwalimu akaiweka ile miguu kwenye besi. Do, so, la, so, do, so, la, so, hatua kwa hatua mpaka wimbo unaisha. Soprano wanaimba habari za kufika, besi wao wanatembea.

Kabla hajaufundisha akapata uhamisho wa kwenda Goweko, na shule ikamwachia ile kompyuta aende nayo. Kwaya zetu kawaida zinajifunza kwa do-re-mi kutoka kwenye daftari, lakini siku zile aliyeweza kulisoma vizuri alikuwa yeye peke yake. Wengine walikuwa wanashika kwa sikio. Kwa hiyo akawaachia kanda iliyorekodiwa kutoka kwenye ile kompyuta, daftari akaondoka nalo. Daftari hilo baadaye lililiwa na mchwa, tuliweke pembeni.

Aliyebaki anaongoza besi ni Mzee Eliya, kaka wa Mama Neema. Yaani shemeji yake Mwalimu kabisa.

Krismasi ya kwanza Mwalimu akaja mjini kusikiliza wimbo wake. Soprano safi. Alto safi. Tenor safi. Besi sasa: "Sooooooo." Nota moja, ya chini, kuanzia mwanzo mpaka amina. Hawakupanda, hawakushuka.

Akamuuliza shemeji yake, besi yangu iko wapi? Mzee Eliya akamjibu kwamba ndivyo ilivyo kwenye kanda. Mwalimu akasema kanda imetoka kwenye kompyuta yangu, najua nilichoandika. Ilipotafutwa kanda, ilikuwa imeshaliwa na deki. Ushahidi hakuna.

Hawakugombana kwa makelele, hawa ni watu wa kanisani. Wanasalimiana, wanaulizana habari za ng'ombe. Lakini kwa miaka ishirini na kitu, kila kwaya ikisimama kuimba wimbo huo, Mwalimu anatoka nje kama mtu anayekwenda kuangalia kama mvua inakuja. Na Mzee Eliya anaona. Anajua anaitwa mwongo bila kutajwa.

Maneno ya Mwalimu yaliyomfikia Mzee Eliya, na yaliyomuuma zaidi, ni haya: "Nilitunga watu wanaotembea. Eliya amewasimamisha."

Sasa Neema anaolewa. Kwaya ya mjomba ni lazima iimbe, na Neema anautaka wimbo huo huo, amekua nao. Baba yake kasema kwaya ije, ila wimbo wake usiimbwe wakiwa na ile mashine ya kusaga kwenye besi. Mjomba naye kasema kama wimbo huo haumo, yeye haji kuimba, atakuja kula tu.

Ndiyo maana ya kitenge na treni.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika "si ungetumia emulator mkuu". Nilitumia, hiyo programu ya kompyuta mpya inayoiga mashine ya kale. Ile ya muziki inaanza, ikifika kuufungua wimbo inaganda. Mara tatu. Na diski ya kutungia, ile ya kuonyesha nota kwenye skrini, ilishaota ukungu. Kilichobaki kwenye mashine ni programu ya kupigia tu. Kwa hiyo njia ilikuwa moja, mashine iimbe yenyewe.

Kadi yake ya sauti ilikuwa imeungua vibaya. Ila chipu mbili muhimu, ile inayotengeneza sauti na ile ndogo inayoigeuza iwe umeme wa kwenda kwenye spika, nilizing'oa nikazipima, zikawa hai. Mungu ana makusudi yake.

Nikapata mchoro kwa wazungu wanaopenda mashine za kale, nikaagiza bodi tupu, vifaa vidogo vidogo nikavifuata dukani kwa Babu Karim pale mjini. Babu Karim ana kabati la droo tangu enzi za baba yake, kila droo ina kapasita na rezista zimepangwa kama dawa. Alipojua ninatengeneza nini alifurahi kuliko mimi, akaniambia nikimaliza nimwite asikie.

Nikachoma solda siku mbili. Siku ya tatu asubuhi nikaichomeka, nikaunganisha na amplifaya yangu ya benchi, nikawasha.

Ikaimba. Wakuu nilisimama nikazunguka kibanda.

Halafu nikakaa nikasikiliza vizuri, furaha ikapungua. Kelele zilikuwa tatu juu ya wimbo. Kulikuwa na "chrrr" kila hard disk ikifanya kazi. Kulikuwa na "ssss" ya kudumu. Na chini ya vyote kulikuwa na "mmmm" nene, iliyofunika sauti zote za chini.

Ile chrrr ilitokana na uvivu wangu. Nilikuwa nimeilisha sehemu ya sauti kwa 5V ile ile inayotumiwa na kompyuta nzima, kwa hiyo kila kitu kikijikuna, spika inasikia. Nikaipa regulator yake yenyewe, ya kushusha na kutuliza umeme, kutoka kwenye 12V, na kila chipu nikaiwekea kapasita ndogo ya 0.1 miguuni pake. Miguuni, siyo "hapo karibu". Chrrr ikakata.

Ile ssss ilitokana na sifa. Nilikuwa nimeweka op-amp ikuze sauti mno, nataka itingishe kibanda. Nikapunguza, nikaihamishia kadi kwenye slot ya mbali na kadi ya picha. Ssss ikabaki ya kutafuta kwa sikio.

Mmmm ikagoma.

Hapa niwaambie kuhusu fundi aliyenifundisha kazi, Mungu amrehemu. Alikuwa na sheria moja kwa redio zote: "Ikinguruma, ipe body." Maana yake funga waya kutoka kwenye kifaa kwenda kwenye bati la mwili wake, na mwili wa hiki ufunge na mwili wa kile. Mafundi wengi wa rika langu hapa Tabora tumelelewa na sheria hiyo. Kwa redio za betri ilikuwa inatusaidia, kwa hiyo hatukuwahi kuihoji.

Basi mimi nikaipa body. Kadi nikaifunga kwenye bati la kompyuta. Bati la kompyuta nikalifunga na bati la amplifaya kwa waya mnene wa shaba, wa kijani. Mngurumo ukaongezeka. Nikasema body haijatosha, nikaongeza waya mwingine. Nikaivisha kadi foil ile ya kufungia chipsi. Mke wangu akapita akauliza naioka au naitengeneza.

Siku mbili hivyo hivyo. Nilianza kununa hata kwa wateja.

Siku ya tatu mchana, wimbo nimeusimamisha, kompyuta imekaa kimya haipigi chochote, amplifaya inanguruma mmmm peke yake. Mke wangu akaingia na beseni la nguo. Yeye ni alto kwenye kwaya hiyo hiyo. Akasimama, akasikiliza, akaanza kuimba alto yake juu ya ule mngurumo, bila kukosea hata ufunguo.

Akaniuliza, "Mbona umeanza na besi peke yake? Wengine wako wapi?"

Nikamwambia hiyo siyo besi, hiyo ni kelele, wimbo nimeuzima.

"Hiyo ni besi ya kina Mzee Eliya," akasema. "Kwani mimi siijui?"

Wakuu, nilikaa chini.

Mngurumo wa umeme wetu, ukitoka kwenye spika, unaangukia karibu sana na so ya chini ukiimba kwenye ufunguo wa C. Wajuzi wa muziki pimeni wenyewe mje mnikosoe. Na wimbo wa Mwalimu uko C.

Lakini hicho siyo kilichonikalisha chini.

Kilichonikalisha ni kwamba ile kanda, ile iliyoachiwa kwaya, niliirekodi mimi.

Ndiyo. Nilikuwa nimefungua benchi langu mwaka ule ule. Mwalimu alileta kompyuta kwa mkokoteni, ana haraka, vyombo vyake vimeshapakiwa kwa ajili ya Goweko. Nikaiunganisha na deki. Ikanguruma. Nikaipa body, kwa waya mnene kama huu huu. Ikazidi kunguruma. Nikaona aibu kumwambia mwalimu wangu kwamba sijui. Alikuwa amesikiliza wimbo kwa headphone za kompyuta, sauti ya deki hakuisikia. Aliponiuliza kama imetoka vizuri, nikamwambia kuna mngurumo kidogo, hautasikika.

Hautasikika. Safu nzima ya besi imeujifunza kwa moyo.

Kumbe kwenye redio kaseti ya kanisani ule mngurumo uliifunika besi yote, kilichobaki kusikika chini ni hiyo so. Mzee Eliya aliimba alichokisikia. Hakudanganya hata nukta.

Nikaanza kufungua nyaya, moja moja, kwa hasira. Dawa ilikuwa kinyume cha sheria ya marehemu fundi wangu: ground zote, yaani nyaya za kurudishia umeme, zikutane sehemu moja tu. Zikikutana sehemu mbili, umeme unapata kitanzi cha kuzunguka, na unapozunguka ndipo unapoimba. Waya mnene nikautoa. Kadi nikaiachia kiungo kimoja. Kati ya kompyuta na amplifaya nikaweka transfoma ndogo ya sauti, ili wapeane wimbo bila kugusana miili.

ANGALIZO: sijasema mkate earth ya ukutani. Hiyo iacheni kama ilivyo, mtazikwa.

Nikawasha. Kimya. Nilidhani nimeiua.

Nikaupiga wimbo. Na chini ya soprano, kwa mara ya kwanza mimi kuwahi kuisikia, ikaja miguu. Do, so, la, so. Inatembea kabisa. Mke wangu aliweka beseni chini, akabaki amesimama mpaka ukaisha.

Sasa wakuu niseme ukweli nilioahidi. Nilipata wazo baya. Ningeweza kumwita Mwalimu tu, nimpigie wimbo, asikie besi yake ni ile aliyoandika, anishukuru. Nami ningekuwa fundi bora wa mkoa. Shida ni kwamba hapo Mzee Eliya angekuwa mwongo rasmi, kwa ushahidi wa mashine, mbele ya dada yake na harusini kwa mpwa wake.

Nililiwaza hilo siku nzima. Sijivunii.

Mke wangu alilimaliza kwa maneno machache: "Waya uliufunga wewe. Ufungue wewe."

Jumamosi asubuhi nikawaita wote. Mwalimu na Mama Neema wakaja na treni, Mzee Eliya akaja na baiskeli kutoka Chemchem. Wakapeana "mwangaluka, shemeji" kwa adabu zote, halafu kila mmoja akachagua stuli ya mbali na mwenzake. Na kibanda changu chenyewe kina hatua tano.

Nikaupiga kwanza ulivyo safi.

Mwalimu alifumba macho. Besi ilipoanza kutembea, vidole vyake vikawa vinahesabu juu ya goti. Ulipoisha akamgeukia shemeji yake.

Mzee Eliya alikuwa amenywea. "Shemeji, sisi hatukusikia hivi," akasema. "Mungu ananiona."

Nikawaomba wanipe dakika moja. Nikauchukua ule waya mnene wa kijani, nikafunga bati la kompyuta na bati la amplifaya, transfoma nikaiondoa, nikaupiga tena.

Mmmmmm.

Mzee Eliya akasimama. "Hiyo hapo. Ndiyo iliyokuwa kwenye kanda." Na palepale, akiwa amesimama, akaingia naye: "Soooo." Ilikuwa nota ile ile, wakuu, hamuwezi kuitofautisha.

Nikazima. Nikasema kilichobaki kusemwa: kanda niliirekodi mimi, waya nilifunga mimi, mzee huyu aliimba nilichompa.

Mwalimu aliniangalia kama alivyokuwa ananiangalia ubaoni.

"Siku ile uliusikia huo mngurumo?"

"Niliusikia, Mwalimu."

"Ukaniambia nini?"

"Nikakuambia hautasikika."

Mimi jasho. Mama Neema anaangalia sakafu.

Aliyesema ni Mzee Eliya, ameshakaa tena kwenye stuli yake, anazungumza polepole kama mtu anayepiga hesabu. "Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa naimba umeme."

Mama Neema alianza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kile kile kitenge. Mke wangu akadakia kutoka mlangoni. Mwalimu alijitahidi kubana uso, ukamshinda.

Alipotulia akavuta stuli yake mpaka karibu na ya shemeji yake. Akamwambia, "Lakini so yako ilikuwa safi, Eliya. Miaka yote hiyo haijashuka hata siku moja." Halafu, kwa sauti ya chini zaidi: "Nisamehe. Nilikuwa natoka nje."

Mzee Eliya akamjibu kwamba nje kulikuwa na baridi, arudi ndani tu.

Niliondoka pale kama mtu anayekwenda kuchukua bisibisi, kumbe nilikuwa naficha macho.

Msidhani nilisamehewa bure. Mwalimu wa hesabu ni mwalimu wa hesabu mpaka kaburini. Adhabu yangu: kuusikiliza wimbo, kuandika sauti zote nne kwa do-re-mi, yeye ahakiki, kisha nitoe nakala ishirini na nne, moja kwa kila mwimbaji, kwa mkono. Nikamkumbusha kuna mashine ya fotokopi hatua chache kutoka hapo. Akasema anajua.

Niliziandika. Vidole viliuma kuliko siku za solda.

Harusi imefanyika. Kwaya ikasimama, Neema akiwa mbele na shela lake, Mwalimu hakutoka nje. Ubeti wa kwanza na wa pili besi walitembea vizuri. Wa tatu, mazoea yakawazidi wazee wawili wa nyuma, wakaangukia "soooo" yao ya siku zote. Mwalimu akainuka kwenye kiti cha baba wa bibi harusi, akaenda kusimama ubavuni kwa Mzee Eliya, akaanza kuimba besi naye, anakanyaga chini kwa kiatu. Do, so, la, so. Wale wawili wakazinduka wakafuata.

Babu Karim alikuwa miongoni mwa waalikwa. Aliniuliza kama hizo ndizo kapasita zake zinazoimba. Nikamwambia karibu na hapo.

Somo wakuu. La ufundi: tenganisha umeme wa sauti na wa kompyuta, kapasita ziweke miguuni pa chipu, usikuze sauti kwa sifa, na ground zikutane mahali pamoja tu. La pili siyo la ufundi. Ukisikia kosa kwenye kazi yako na mteja akakuuliza, mwambie unalisikia. Ukisema halitasikika, kuna watu watalibeba kwa niaba yako, tena watalaumiana wao kwa wao wakati wewe umelala usingizi.

Mafundi, mwanamuziki yeyote, na wewe uliyewahi kuongeza waya wa body mpaka ukajuta, leteni yenu hapa chini. Na mwenye dawa ya ile emulator kuganda asiwe mchoyo.

Kuhusu ule waya mnene wa kijani, Mama Neema aliondoka nao. Umefungwa kati ya miti miwili huko Goweko, anaanikia nguo.